Kumwachisha mashine ya kupumulia mgonjwa mnene kupita kiasi

Mgonjwa mwenye BMI (uwiano wa uzito na kimo) ya 40 akilala chali, tumbo husukuma kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, juu na sehemu za chini za mapafu husinyaa. Hapo ndipo majaribio mengi ya kumwachisha mashine huharibika.

1. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Akiwa ameteleza kuelekea miguuni, mvuteni juu kwanza, maana akijikunja kiunoni tumbo hubana zaidi.

2. Punguza dawa za usingizi mapema. Midazolamu na fentanili hujikusanya kwenye mafuta, hivyo humlaza hata baada ya pampu kuzimwa. Subiri afuate maagizo na akohoe kwa nguvu.

3. Pima gesi za damu. Kama kawaida yake ni kuishi na kabonidayoksaidi ya juu, usiilazimishe ifike 40 mmHg. Figo zitamwaga bikaboneti, inayozuia damu isiwe tindikali, na akiachwa apumue mwenyewe damu itageuka tindikali upesi.

4. Fanya jaribio la dakika 30 kwa mrija wa T (anapumua mwenyewe bila mashine), au mashine ikiwa na msaada (presha inayosaidia kuvuta pumzi) 0 na PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) 0. Wengi huacha msaada wa 7 na PEEP ya 5 (sm za maji); hapo utamwona yuko tayari kumbe bado. Kiasi cha kila pumzi kipime kwa uzito unaokadiriwa kutokana na kimo, kamwe si kwa uzito wa mizani. Mwanamke wa sm 160: 45.5 + 0.91 × (160 − 152.4) = kilo 52.4. Kwa ml 5 kwa kilo, kila pumzi ifike walau ml 260. Simamisha akizidi pumzi 35 kwa dakika, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, mapigo yakipita 140, au akitoka jasho na kuhangaika.

5. Akifaulu, usitoe mrija wa kupumulia ulio kooni papo hapo. Mrudishe kwenye msaada na PEEP ya awali kwa saa moja, misuli ipumzike na mapafu yafunguke tena. Kisha toa hewa kwenye puto la mrija. Hewa isipovuja kabisa kando ya mrija, shuku uvimbe wa zoloto (kisanduku cha sauti): mpe steroidi, usubiri angalau saa 4.

6. Toa mrija akiwa ameketi, na mvalishe barakoa ya mashine mara moja: presha ya kuvuta pumzi 10 hadi 14, ya kutoa 5 hadi 8 (sm za maji). Ukisubiri achoke, umechelewa. Endelea nayo kwa vipindi saa 48, hasa usiku. Vifaa vya kurudishia mrija vikae kando ya kitanda. Akianza kusinzia huku kabonidayoksaidi ikipanda, mrudishie bila kungoja.