Ukitunga dojo ya samurai, anza na sakafu

Vijana wengi hapa Goma huniletea hadithi zao za samurai wa nchi za kufikirika. Karibu zote hufunguka kwa panga zilizotundikwa ukutani. Mimi huuliza kwanza: miguu yao inakanyaga nini?

Dojo ya upanga, yaani ukumbi wa mazoezi, huko Japani ina sakafu ya mbao, na watu huingia miguu mitupu. Chini ya mbao huachwa nafasi ili zinepe kidogo mguu unapotua kwa nguvu. Umuhimu wa nafasi hiyo niliujua kwa goti langu: nilijifunza judo kwenye simenti yenye mkeka mwembamba, na hadi leo linauma mvua ikianza. Nyumbani tuliishi katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava ya 2002 ya volkano ya Nyiragongo. Mtu akitembea usiku, ubao ulilia, nami nilijua kama ni mama au kaka. Basi katika dojo ya hadithi yangu mwalimu huwapa wanafunzi mgongo, akasikiliza ni nani amechelewesha mguu wa kushoto.

Halafu panga watu. Upande wa heshima huitwa kamiza, nao kwa kawaida huwa mbali na mlango. Wanafunzi hukaa shimoza, upande wa chini. Msomaji wetu hahitaji maelezo marefu, kwani matangani anajua nani huketi karibu na wazee na nani hubaki mlangoni.

Silaha chagua kwa sababu. Shinai ni upanga wa mazoezi wa vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa pamoja, huacha alama mwilini. Bokken ni upanga wa mazoezi wa mbao ngumu, huvunja mfupa. Usimpe mgeni bokken siku ya kwanza, labda kama unataka aumie.

Uchawi weka mmoja tu, nao utoke kwenye sakafu. Dojo yangu iko chini ya mlima kama Nyiragongo. Kila asubuhi wanafunzi huinama na kusukuma matambara mabichi kutoka ukuta hadi ukuta, kama wafanyavyo Japani. Kisha hunyamaza, wakitazama maji yanakauka wapi kwanza. Pale ndipo mlima unapumulia siku hiyo, na pale ndipo mwalimu anamsimamisha anayejaribiwa.

Andika asubuhi hiyo ya matambara kabla hujaandika pigano lolote. Mpe kila mwanafunzi ubao wake wa kupangusa, na mmoja wao akute wake umekwisha kukauka.