Jinsi ya Kuandika Stori ya Mchunguzi wa Siri Kutoka Dunia Pacha Akiwa Amepanga Nyumba Nairobi

Kama umewahi kukaa ploti za Nairobi huyu mtu unamjua. Alihamia usiku na godoro moja na meko, hana wageni, hana kelele, kodi analipa tarehe moja, na mkikutana kwa ngazi anakusalimia vizuri sana kama mtu aliyefunzwa salamu darasani. Mimi nilikuwa na jirani kama huyo mtaa wa Umoja, akakaa miezi kadhaa alafu siku moja tukaamka tukapata mlango wake uko wazi, chumba kimefagiwa, na kwa ile nyumba yote ya orofa nne hakukuwa na mtu mwenye namba yake ya simu. Pengine alirudi tu kwao. Lakini tangu hiyo siku nimekuwa nikiandika stori za wachunguzi wa siri, watu wametumwa kutoka dunia inayofanana na hii yetu wakae katikati yetu waandike venye tunaishi, na nataka nikuonyeshe venye huwa nazijenga, kwa sababu wengi wakianza wanaanza na mashine, kurasa kumi za mitambo na taa, na bado hatujamwona mtu.

Sayansi unayohitaji ni kidogo, lakini hiyo kidogo ijue vizuri. Mwaka 1957 mwanafizikia Mmarekani, Hugh Everett, akimaliza udaktari wake Princeton, aliandika kwamba pale hesabu za chembe ndogo zinaonyesha matokeo mengi yanayowezekana, hakuna moja linalochaguliwa mengine yakafutwa, yote yanaendelea kila moja kwa tawi lake. Wazo la dunia nyingi sambamba lilipata mguu hapo. Sasa shika hii: kwa hesabu za Everett matawi yakishaachana hayatembeleani. Kwa hivyo mlango wa kupitia ni wako wewe mwandishi, umeubuni, na kwa sababu umeubuni lazima uuwekee sheria moja na usiivunje hata stori ikikubana namna gani. Ya kwangu inasema mlango unapitisha mtu na nguo zake na vitu vilivyo mfukoni, na unafunguka mara moja kila miezi miwili. Niliiandika kwa karatasi nikabandika juu ya meza. Kila mara nimejaribu kuongeza ya pili, msomaji wangu wa kwanza, dada yangu, ameiona na kuuliza mbona.

Baada ya mlango tafuta mahali njia zilipoachana, na hapa Nairobi inakupa bila kunyima. Reli ilifika hapa Mei 1899, pakiwa kinamasi ambacho Wamaasai waliita Enkare Nairobi, maji baridi, na mwaka huohuo makao ya utawala ya mkoa yakatolewa Machakos yakaletwa hapa. 1902 tauni ikaingia mtaa wa bazaar, ukachomwa. Kukawa na watu waliosema mji uhamishwe kwa sababu hapa ni matope na maradhi, na haukuhamishwa. Sasa sema kwa dunia ya pili ulihamishwa. Jiji ni Machakos, na hapa penye tunapangia laini ya matatu ni majani marefu. Mchunguzi wako amezaliwa huko. Msimamishe kwa barabara ya Tom Mboya katikati ya jiji, saa kumi na mbili jioni, makanga wanaita, mvua imenyesha, watu wamejificha chini ya vibanda, na yeye kitu kinachomshtua ni kwamba hasikii vyura. Sentensi moja kama hiyo inabeba dunia nzima ya pili, hauhitaji kueleza zaidi ya hapo.

Alafu punguza muda. Hii ndio siri ambayo ningependa mtu angenipa mapema: usichukue miaka ishirini, chukua miezi miwili iliyojaa mabadiliko. Mimi nilichukua katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba 2019, yaani kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na sikubuni hata tukio moja kubwa, kalenda yenyewe ilinipangia mitego.

Mtego wa kwanza ni sensa. Usiku wa tarehe 24 Agosti makarani walianza kupita nyumba kwa nyumba na tableti. Fikiria huyu mtu ametumwa kuhesabu wengine, anasikia mlango unagongwa, wamekuja kumhesabu yeye. Nitakuonyesha venye niliiandika:

"Hapa mmelala wangapi?"
"Ni mimi pekee."
"Ulizaliwa kaunti gani?"
"Machakos."
Karani akainua macho kutoka kwa tableti akatabasamu. "Aki hata mimi ni wa huko. Machakos gani?"
"Mjini."
Karani akabadilisha lugha, akamsalimia kwa Kikamba. Jamaa akanyamaza.

Ona, hajadanganya popote. Amezaliwa Machakos kweli, ila Machakos ya kwao ni jiji kubwa la kila kabila na watoto wake wanakua na Kiswahili tu kama watoto wa Eastlands. Mchunguzi anayeshikwa akisema ukweli anauma zaidi ya yule anayeshikwa na uongo. Na matokeo ya sensa yalipotoka, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, hiyo namba ni ya kweli, na kwa stori mmoja wao ni yeye. Amejiandika kwa dunia yetu na hawezi kujifuta.

Mtego wa pili ni noti. Noti mpya zilitangazwa tarehe 1 Juni 2019 na ile ya zamani ya elfu moja ikapewa hadi 30 Septemba, baada ya hapo ni karatasi. Mchunguzi wako pesa alipewa na mwenzake aliyerudi kwao Aprili, kabla ya tangazo, kwa hivyo amekuja na bunda la elfu za zamani ameshona ndani ya koti. Habari ameisikia lakini akienda benki kubadilisha ataulizwa kitambulisho. Anazitumia polepole, anahesabu siku. Wiki ya kwanza ya Oktoba amebaki na moja, na njaa. Hii andika karibu kabisa, usikimbie: mama mboga, mama Njeri, ameweka sukuma kwa paja anakata, kisu kinaenda bila yeye kuangalia, anapokea noti na vidole vyenye maji ya sukuma, anaigeuza upande wa sura ya Mzee, anamrudishia taratibu kwa mikono miwili kama mtu anampa pole. "Kastoma, hii ilikufa Jumatatu." Alafu anamfungia sukuma na nyanya tatu. "Utaleta ukipata." Hapo mchunguzi amekopeshwa, na mtu mwenye deni la mtaa si mpita njia tena, kesho lazima apite hapo na macho yake yakutane na ya huyo mama.

Lugha pia inamwuza. Mafunzo yake yametoka kwa ripoti za wachunguzi waliokuja miaka ya tisini, kwa hivyo noti ya mia tano anaiita jirongo, jina lililotokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo na kampeni za YK'92, kundi la vijana wa chama tawala KANU, za uchaguzi wa 1992. Neno ni sahihi ila limezeeka, na kijana wa miaka ishirini na sita akilitumia makanga anamwangalia mara mbili. Kwa mwandishi hii ni kazi rahisi, uliza wazazi wako waliita vitu aje walipokuwa vijana, umpe yeye hayo maneno.

Sasa kuna kitu kikubwa zaidi ya mitego yote, na ndicho kinafanya stori hii iwe ya Nairobi. Hapa kila mtu ana kwao. Utaulizwa ushago ni wapi, Desemba unaenda lini, mamako ni mzima. Mtu anayesema hana ushago watu wanamwonea huruma alafu wanaanza kumchunguza wao. Hata wataalamu wa kukaa na watu walibanwa na kitu kama hiki: mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, kati ya 1915 na 1918, ndiye alifanya watu waelewe kwamba ukitaka kujua jamii lazima ukae ndani yake, na daftari lake la siri lililochapishwa 1967, akiwa ameshakufa, linamwonyesha amekasirika, ana upweke, anatamani nyumbani. Nilichukua hiyo nikampa mchunguzi wangu maandishi mawili. Kuna ripoti, kavu, inayoenda kwa wakubwa. Na kuna kidaftari cha kiosk, cha mistari, anachoficha chini ya godoro. Msomaji anasoma zote mbili na kuona zinavyoanza kuachana. Mwanzoni zinafanana karibu neno kwa neno. Ikifika Oktoba ripoti inasema "wenyeji wanabadilishana mboga kwa mkopo", kidaftari kinasema "nina deni la mama Njeri la themanini, nisisahau".

Na mwisho wake usiuweke kwa mlango wala kwa mapigano. Weka kwa matanga. Kwa ploti amefariki mzee wa chumba cha chini, keateka, yule msimamizi wa ploti, anapita na list ya mchango. Sheria ya wachunguzi ni kwamba usiguse kitu, usiongeze, usipunguze. Lakini jina lako likikosa kwa list ploti nzima inajua, na likiwepo umegusa. Niliweka hiyo Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, asubuhi ile Eliud Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, watu wamejaa kwa TV ya mwenye ploti wakisubiri gari la kupeleka mwili nyumbani, wanalia na wanashangilia kwa wakati mmoja, na huyu mtu aliyekatazwa kupiga kelele anajikuta amesimama juu ya kiti anapiga mayowe, kisu cha kumenyea viazi bado kiko mkononi.

Usiku huo mlango unafunguka. Usituambie kama alipita. Tupe ripoti yake ya mwisho, mstari mmoja: "Ploti iko kimya, hakuna cha kuripoti." Alafu asubuhi umlete keateka, apate chumba kiko wazi na kimefagiwa, ashuke chini akafungue ile list kutafuta namba ya simu ya huyu mtu, asiipate, apate tu jina lake hapo nambari kumi na nne, shilingi mia mbili, na mbele yake alama ya kwamba amelipa.