Somo: Kuchagua pawa saplai nzuri ya kompyuta ya mezani

Habari wakuu. Wengi tukipanga bajeti ya mashine, hela inaishia kwenye prosesa na kadi ya grafiki, pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme wa ukutani kwa mashine nzima) inanunuliwa kwa chenji. Tatizo ni kwamba kimeo kikifa kinaweza kuondoka na mazabodi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wati
Walaji wakubwa ni prosesa na kadi ya grafiki. Vilivyobaki (ram, diski, feni) vipe kama wati 75 kwa pamoja. Prosesa ya wati 125 na kadi ya 200 inakuja jumla ya 400. Chukua ya 550, maana kadi za siku hizi huvuta umeme kwa kuruka ghafla.

Hatua ya 2: Soma lebo ya ubavuni
Utapeli mwingi uko hapa. Achana na namba kubwa ya kwenye boksi, tafuta safu ya +12V (laini ya volti 12 inayolisha prosesa na kadi ya grafiki), chukua ampia zake zidisha kwa 12. Ya wati 550 iliyo ya kweli utaikuta na ampia 45 hivi, yaani wati 540. Ukikuta "500W" halafu +12V ina ampia 20, hiyo ni ya wati 240. Zilizobaki wamezirundika kwenye 3.3V na 5V, ambazo mashine ya leo hazitumii sana. Rudisha kwenye shelfu.

Hatua ya 3: Usilewe na stika ya 80 Plus
Inapima ufanisi tu. Ya daraja la Gold ikibeba nusu ya mzigo wake inafikisha asilimia 90: mashine ikitaka wati 270, ukutani zinatoka 300, na 30 zinageuka joto. Haikuambii kama ina kinga dhidi ya shoti, volti kupanda au joto kuzidi. Hizo zitafute kwenye maelezo ya bidhaa: SCP, OVP, OTP. Mimi naangalia pia waranti. Anayetoa miaka 7 au 10 hajaweka kapasita za ovyo.

Hatua ya 4: Waya
Pini 24 za mazabodi, 8 za prosesa, na 6+2 za kadi zitoke kwenye pawa saplai yenyewe. Mambo ya adapta za kuungaunga yaacheni.

MASWALI

Mkuu, nikifunga ya 750 kwenye mashine inayokula 300, umeme si utaisha haraka?
Hapana mkuu. Mashine inavuta inachohitaji tu.

Nimenunua mpya ya waya za kuchomoa. Naweza kuacha waya za ile ya zamani, zimeshapangwa vizuri?
Usithubutu. Upande wa pawa saplai hakuna mpangilio mmoja wa pini, hata modeli za kampuni moja hutofautiana. Zinaweza kuingia vizuri kabisa, halafu diski inayosubiri 5V ikapigwa 12V.

Nimepima waya ya njano (ya 12V) kwa multimita, nikicheza gemu inashuka hadi 11.2. Ni sawa?
Kwa pawa saplai nyingi si sawa. Kiwango cha ATX (kanuni za utengenezaji wa pawa saplai), matoleo ya kabla ya 3.0, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 hadi 12.6. Kama multimita yako ni nzima, badilisha pawa saplai. Na usiifungue kutafuta ubovu: kapasita kubwa za ndani zinabaki na chaji hata ukiwa umechomoa ukutani.