Mafaili ya sauti yanaingia polepole? Kagua haya kabla ya kununua RAM

Mteja anasubiri, mafaili yanajikokota kuingia kwenye projekti ya programu yako ya kurekodi muziki, na tayari kuna mtu amekushauri uongeze RAM. Tulia. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, itakufaa ukipakia kwa pamoja ala nyingi za muziki za kidijitali. Kuingiza mafaili ni kazi ya diski na prosesa kwanza.

Piga hesabu. Traki moja ya mono, biti 24 na 48 kHz, inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa kwaya wa dakika 5 wenye traki 24 unapita GB 1. Flashi inayosoma MB 10 kwa sekunde itachukua karibu dakika mbili, na programu bado haijafanya lolote. Kompyuta hapo haina kosa.

Chomeka kwenye poti ya USB 3, mara nyingi ni ile ya bluu. Diski isijae hadi pomoni. Folda ya projekti isikae mahali panapojipandisha mtandaoni, itakumalizia na bando. Antivairasi iache folda hiyo, lakini flashi ya mteja ikaguliwe kwanza, maana zinazotoka kwenye stationery za mjini zimepita kompyuta nyingi.

Angalia pia kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Ukiweka biti (mdundo) ya MP3 ya 44.1 kHz kwenye projekti ya 48 kHz, programu nyingi huifungua, huibadilisha na kuiandika upya. Panga projekti ifanane na mafaili kabla hujaingiza chochote.

Sasa la kunakili, na hapa nisikilize vizuri. Prodyuza mmoja kijana wa Nkuhungu, Dodoma, alirekodi kikundi cha ngoma za Kigogo kutoka upande wa Chamwino: mazeze, ilimba, kina mama na ngoma zao za muheme. Rekoda ilikuwa ya kukodi, pamoja na memori kadi yake. Mafaili yalipochelewa kuingia, rafiki yake akamwambia aondoe tiki kwenye sehemu ya kunakili mafaili kwenda folda ya projekti. Yakaingia papo hapo, akafurahi. Kumbe programu haikubeba sauti hata moja, iliandika tu kwamba sauti ziko kwenye kadi. Akamiksi vizuri kabisa, akarudisha rekoda, na mwenye nayo akaifuta kadi akarekodi harusi Kondoa. Siku ya kumalizia, projekti ikafunguka na kuuliza mafaili yako wapi. Mikato yote ipo, sauti hakuna. Mvua za Desemba zilikuwa zimeanza, kikundi kizima kiko mashambani kwenye uwele na mtama, hakuna wa kumkusanya mwenzake. Kijana akarudisha malipo ya awali, na ile rekodi haijarudiwa mpaka leo.

Kwa hiyo tiki hiyo usiiguse. Hamisha kwanza mafaili yote kutoka kwenye kadi kwenda diski ya ndani, kwa njia ya kawaida ya kunakili folda. Linganisha idadi na ukubwa. Weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, ndipo uingize ukitokea diski ya ndani. Kisha chomoa kadi, funga projekti, ifungue tena na usikilize kila traki. Kadi ya watu usiirudishe kabla ya jaribio hilo.

Mengine ni ya kawaida. Laptopu iwe kwenye chaja, isiwe kwenye hali ya kubana betri. Vumbi la Dodoma linaziba feni, prosesa inapata joto na kupunguza mwendo, basi isafishe, hasa kiangazi. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Usisasishe programu siku ya kurekodi. Usichomoe flashi kabla hujaitoa kwenye mfumo. Na diski ikianza kugonga-gonga, acha kuingiza, nakili kilichomo leo hii.