SOMO: MariaDB au MySQL (programu za kanzidata) inajizima yenyewe kwenye seva ndogo. Tafuta kwanza nani kaiua

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara sita: "WordPress inasema haioni kanzidata, nikiiwasha inakaa siku mbili inakufa tena." Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM GB 1, Ubuntu au Debian, Apache, PHP na MariaDB vyote humo humo. Wengi tumeanzia hapo.

Hatua ya 1. Usiwashe kitu. Ingia kwa SSH.

Hatua ya 2. `systemctl status mariadb`, halafu `journalctl -u mariadb -e`. Tafuta mstari wa `Main process exited`. Ukikuta `status=9/KILL`, kuna aliyeiua kutoka nje. Ukikuta `11/SEGV`, imeanguka yenyewe. `1/FAILURE` maana yake imeshindwa kuendelea na ikaondoka, na sababu iko mistari michache juu. Kwa ile 9, mara nyingi muuaji ni kerneli (kiini cha Linux) RAM ikiisha, kwa hiyo endelea na `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Jina la prosesi iliyouawa litakuwa limeandikwa hapo hapo.

Hatua ya 3. Linganisha saa. Seva nyingi za kukodi zinasoma UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Halafu mteja anakupigia: "ilikata saa nane na dakika arobaini usiku." Hiyo ni 02:40, na kwenye logi ni 23:40 ya siku iliyotangulia. Nimemwona mtu akisoma logi za usiku usiohusika na kuapa kuwa hamna kitu. Ukishaipata dakika yenyewe, angalia `crontab -l` (ratiba ya kazi zinazojiendesha). Mara nyingi bekapu inaanza dakika hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Diski: `df -h`, kisha `df -i`, kwa sababu nafasi inaweza kuwepo huku idadi ya faili ikiwa imefika kikomo.

Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilitunza mfumo wa mauzo wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Diski ikajaa, kanzidata ikalala. Nikaingia `/var/lib/mysql`, nikakuta `ib_logfile0` na `ib_logfile1`, nikasema hizi ni logi tu, nikafuta. Jina ndilo lililoniponza. Zile si logi za kusoma. Ndimo InnoDB (injini ya kanzidata inayohifadhi data) inamoandika mabadiliko ambayo hayajafika kwenye faili za data, na kanzidata iliyokufa ghafla inazihitaji ili ijitengeneze inapoamka. Haikuamka. Bekapu yangu ilikuwa ya siku tatu nyuma. Mimi na mhasibu wa duka tulishinda Jumapili nzima tukiingiza risiti kwa mkono, karatasi moja moja, na hata soda sikupewa.

ONYO: ndani ya `/var/lib/mysql` usifute chochote kwa `rm`. Si `ib_logfile`, si `ibdata1`, wala binlogi (rekodi za mabadiliko ya data; hizo zinaondolewa kwa `PURGE BINARY LOGS` ukiwa ndani ya kanzidata). Tangu MySQL 8.0.30 zile `ib_logfile` zimehamia folda ya `#innodb_redo`, na MariaDB tangu 10.5 imebaki na `ib_logfile0` moja. Majina yamebadilika, hatari ni ile ile.

ONYO la pili: mtu akikuambia uweke `innodb_force_recovery = 6`, muulize kama atakuja kukusaidia risiti. Kuanzia 4 kwenda juu data inaweza kuharibika moja kwa moja. Zima huduma, nakili folda nzima pembeni, ndipo ujaribu, tena uanze na 1.

Ukitaka nafasi: `journalctl --vacuum-size=200M` na `apt clean`. Zinatosha kukuamsha.

Hatua ya 5. Kama ni memori, weka swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM): `fallocate -l 2G /swapfile`, `chmod 600 /swapfile`, `mkswap /swapfile`, `swapon /swapfile`, kisha uiandike kwenye `/etc/fstab`. Hiyo inakununulia muda tu. Mlaji mwenyewe ni Apache. Kwenye Ubuntu `mpm_prefork.conf` inakuja na `MaxRequestWorkers 150`. Kwangu kila prosesi yenye PHP ilikula kama MB 50, kwa hiyo siku wageni wakijaa inataka MB 7,500 kwenye mashine ya GB 1. Nikaachia MB 400 za mfumo na kanzidata, zilizobaki nikagawa kwa 50, nikapata 12. Nimeweka 12. Pima zako, usikopi yangu.

Hatua ya 6. Ijiwashe yenyewe ikifa: `systemctl edit mariadb`, chini ya `[Service]` weka `Restart=on-failure` na `RestartSec=10`. Usitegemee RestartSec ya asili ya systemd (msimamizi wa huduma): ni milisekunde 100, na systemd ikianzisha kitu mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa. Ikishakata tamaa, `systemctl reset-failed mariadb`.

MASWALI

Kijogoo88: Mkuu nimefanya yote haijakubali, nisaidie haraka mteja anafoka.

Jibu: Yote ni yapi? Weka matokeo ya hatua ya 2.

Kijogoo88: Nimerestati mara nne mkuu.

Jibu: Hiyo haimo kwenye somo.

Binti wa Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Kama mlaji ni Apache, mbona kerneli inamuua MariaDB?

Jibu: Marahaba, binti. Nilisubiri mtu aulize hilo. Kerneli haijumlishi Apache zote, inapima prosesi moja moja. Apache ni vifaranga arobaini waliomaliza mtama, MariaDB ni jogoo mmoja mnene, na kisu kinamwendea mnene. Chukua PID yake (namba ya prosesi) usome `/proc/PID/oom_score`, kisha linganisha na ya Apache moja, utaona tofauti. Ukitaka kumkinga, kwenye ile faili ya hatua ya 6 ongeza `OOMScoreAdjust=-600`. Kipimo kinaanzia -1000 hadi 1000. Ila usidhani umemaliza: njaa ikibaki, kitachinjwa kingine.

Binti wa Ngamiani: Nimeona! MariaDB 214, Apache 31. Asante sana.

MzeeWaKebo: Porojo ndefu. Si aongeze RAM ifike GB 2 yaishe?

Jibu: Mwenye hela aongeze, sijamkataza. Lakini Apache inayoruhusiwa kufika GB 7 na nusu itaiua ya GB 2 vilevile, labda Ijumaa badala ya Jumatano. Hesabu iko hatua ya 5.

FundiMtwara: Kaka, seva yetu iko ofisini chini ya meza. Nitajuaje kama ni hili au ni umeme?

Jibu: `last -x | head`. Ukikuta `reboot` ambayo haikutanguliwa na `shutdown`, shuku umeme kwanza. Kisha `journalctl -b -1 -e` uone ilikuwa inafanya nini kabla ya giza. Ikikataa, tengeneza `/var/log/journal` na urestati `systemd-journald`, bila folda hiyo kumbukumbu zinapotea mashine ikizima. Na UPS pima betri, taa ya kijani si ushahidi.

MzeeWaKebo: Kwenye saa, wape `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` waache kupiga hesabu za vidole.

Jibu: Hapo sawa, mzee. Ila mkishabadili, restatini na `cron`, la sivyo inaendelea na saa ya zamani.

Kijogoo88: Mkuu nimepiga picha kwa simu. Inasema `1/FAILURE`, na `/dev/vda1` iko 100%.

Jibu: Umeona sasa. Hatua ya 4, zile amri mbili za mwisho.

Kijogoo88: Imewaka mkuu!! Imerudisha GB 3. Sasa kuna hii `ib_logfile0` nayo naona ni kubwa, naifuta?

Jibu: Toa mkono kwenye kibodi. Rudi usome hatua ya 4 yote.