Mwanza–Dar: piga hesabu ya muda wa ndege mwenyewe
Kutoka uwanja wa Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 850 angani. Kwa barabara zinazidi 1,100. Ndege ya jeti ikienda kilomita 800 kwa saa, gawanya: saa moja na dakika nne. Ongeza dakika 25 za ndege kutembea ardhini, kupaa na kushuka, unapata saa moja na nusu. Ya pangaboi, kwa kilomita 600 hivi kwa saa, hufika karibu saa moja na dakika 50. Kinachowaponza wengi ni tiketi inayopitia Kilimanjaro: angalia kama ndege inatua njiani kabla hujalipa. Ukitokea mjini Mwanza, foleni ya Kirumba na Pasiansi, njiani kuelekea uwanjani, nayo ihesabu.