Kabla Kwaya Haijafika: Kupeleka MIDI Kutoka Ala Moja Hadi Nyingine

Kwaya ikikodi studio ya chumbani kule Kirumba au Nyegezi, Mwanza, kwa saa mbili, saa hizo si za prodyuza kuhangaika kutafuta kwa nini ngoma hazilii. Njia za MIDI, yaani lugha ambayo ala za kidijitali hutumiana maagizo ya kupiga, zitengenezwe siku moja kabla.

Tuseme una plagini (programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya kurekodia) inayojipangia mapigo yenyewe, lakini sauti zake za dramu za kizungu huzitaki. Unataka mapigo hayo yapige sampo, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, za ngoma za bugobogobo za Wasukuma ulizopakia kwenye sampla, ala ya kompyuta inayopiga vipande hivyo. Hapo kuna njia mbili, ya maagizo na ya sauti, na zote uzikague. Tangu kiwango chake kitoke mwaka 1983, MIDI haibebi sauti, hubeba maagizo: nota namba fulani imebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, sasa imeachiwa. Maagizo yanatoka plagini kwenda sampla, kisha sauti inatoka sampla kwenda miksa. Kukiwa kimya, wengi hupandisha volumu, na volumu haihusiki kabisa kama maagizo hayajafika. Angalia kwanza kama taa ya MIDI kwenye traki ya sampla inawaka.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha plagini yako inatoa MIDI. Nyingi hupokea tu.

Kila programu ya kurekodia ina mlango wake. Kwenye FL Studio, namba ya poti ya kutolea kwenye plagini lazima ilingane na ya kuingizia kwenye sampla. Kwenye Ableton Live, traki ya sampla ichague traki ya plagini kwenye MIDI From, kisha kisanduku cha chini yake kichague plagini yenyewe kwa jina, na Monitor iwe In. Hiyo Monitor ndiyo husahaulika zaidi. REAPER ni nyepesi: unatuma kutoka traki moja hadi nyingine, unaacha MIDI tu, sauti unaizima. Popote ulipo, chaneli za MIDI kwenye njia moja ni 16, na anayetuma kwenye ya 10 hasikiki kwa anayesikiliza ya 1 pekee.

Panga sampo kwa namba. Kwenye General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za sauti, dramu kubwa ya chini ni nota 36 na snea ni 38, na plagini nyingi za dramu hufuata hivyo. Basi ngoma yako nene ikae 36. Usiamini majina ya nota, maana nota 60 FL Studio huiita C5 na Live huiita C3.

Zima sauti ya plagini inayotuma, la sivyo mapigo mawili yatalia pamoja na ngoma ipoteze uzito. Chunga pia mzunguko: sampla isirudishe maagizo kule yalikotoka. Kibodi nayo isiingie traki zote mbili.

Bafa ni kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, na ikiwa kubwa sauti huchelewa. Ya sampuli 128 kwenye 44,100 Hz ni kama milisekunde 3. Ya 1,024 hufika 23, na mpiga kinanda wa kwaya ataihisi mara moja. Bafa ipunguze unaporekodi, iongeze unapomiksi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mapigo yakishakupendeza, yarekodi kama nota kwenye traki ya sampla, kisha izime plagini. Baadhi ya plagini hizi hubahatisha, na ukifungua kazi kesho zitakupa kitu kingine. Umeme wa mtaani nao haupigi hodi ukiondoka, kwa hiyo hifadhi mpangilio mzima kama kiolezo, na nakala kwenye fleshi.

Mwisho, jua kitufe cha kunyamazisha kilipo. Njia ikikatwa nota ikiwa bado imebonyezwa, agizo la kuiachia halifiki, na sauti inaning'inia. Kwenye FL Studio ni Ctrl+H. Kwingine tafuta amri ya kuzima nota zote, ambayo ndani ya MIDI ni kontrola namba 123.